Milango ya Kukhu

Miaka ile miwa ilipokuwa miwa kweli, kila mtu wa kwetu alitaka kuandikwa. Mtu akifungua duka leo, kesho yuko mlangoni kwangu anauliza herufi kubwa zinachukua siku ngapi. Kinyozi, posho mili, hoteli, baa tatu kwa mstari mmoja na zote zinajiita za kisasa. Kuanzia Butali hadi Navakholo fundi wa maandishi nilikuwa mimi, na nasema bila haya kwamba mkono wangu haukosei. Sikuwa napiga mistari ya penseli kama hawa wa siku hizi. Nilichovya brashi, nikashusha herufi, basi.

Niliandika pia matrela ya miwa. Mwenye matrekta mmoja alitaka nambari ubavuni, na nyuma maneno ya onyo: HATARI, USIVUTE MUWA. Nilichagua nyekundu juu ya nyeupe, kila herufi kiganja kizima. Watoto wa kwetu wote walikuwa wanavutanga miwa kwenye trela likipita, na sisi tulivuta tukiwa wadogo, nani atajifanya malaika? Binti yangu alikuwa na miaka minane, na kusoma alishajua. Mchana mmoja akitoka shule alilikimbilia trela hilo, akavuta muwa mmoja, mzigo ukateleza ukamwangukia. Maandishi yangu yalikuwa mbele ya macho yake. Sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Tulimzika nyuma ya nyumba. Nilipiga msalaba mwenyewe, nikaupaka rangi nyeupe, nikausimamisha. Sikuuandika. Nilisema rangi nyeusi imeisha, nitaandika kesho.

Sikulia pia. Wengine walisema nina moyo mgumu, wengine wakasema huyo ndiye mwanamume. Wote walikosea. Hapakuwa na ugumu wala uanaume, hapakuwa na kitu. Nilikula obusuma, ugali wetu, nikashiba, nikalala, nikaamka nikaenda kazini. Ungeniuliza siku zile nahisi nini, ningekuambia nahisi njaa.

Mke wangu alilia kwa niaba yetu wote. Yeye ni wa kanisa la mavazi meupe, wale wa ngoma na bendera, wanaoshona kifuani nyota ya pembe sita na kuiita nyota ya Daudi. Kanisa lake lilipanga makumbusho ya mtoto mwaka ukitimia, baada ya mahindi kuvunwa. Watu wangekuja kutoka mbali, hata ndugu zake wa Lumakanda, wangeomba na kuimba mbele ya kaburi. Na kaburi lenyewe halikuwa na jina.

"Baba watoto," alikuwa akiniambia, "kila siku unasemanga kesho. Hiyo kesho yako iko wapi?"

"Rangi imeisha."

"Na ile uliyoandikia baa juzi?"

"Hiyo ilikuwa ya mwenye baa."

"Watu watakuja makumbusho wasome nini? Wasome hewa?"

Majirani nao hawakukosa la kusema. Mganga hajigangi, walisema nikipita, na walitaka nisikie. Niliwasikia vizuri sana. Nilijua makumbusho yakifika msalaba ukiwa mtupu, mke wangu hatanisamehe. Nilijua hivyo na bado brashi haikwenda.

Mambo yalikuwa hapo aliponiita Kukhu. Alikuwa mzungu mzee, mwanamke, anayekaa peke yake katika nyumba ya mabati ya kupanga karibu na njia ya matrekta. Kukhu kwetu ni nyanya, na hakuna aliyemwita vingine. Alikuja Kenya akiwa msichana kulea watoto wa setla mmoja upande wa Lugari. Setla alipokwenda zake na shamba likagawiwa watu, yeye hakuwa na pa kwenda, akabaki. Kiswahili chake alikiokota shambani. Alikisema harakaharaka na kwa amri, kama anayefukuza ng'ombe kwenye mahindi.

"Fundi," akaniambia siku ya kwanza, hata salamu hakuna, "mkono yangu nakataa. Tazama." Akauinua. Ulikuwa unatetemeka. "Mimi nachora. Wewe naandika."

Ndani alikuwa amejaza picha hadi jikoni. Alichora juu ya magunia ya sukari aliyoyafua na kuyawamba kwenye fremu, na alichora milango. Milango tu. Mlango wa mbao nzito, mlango uliobanduka rangi, mlango wenye ngazi mbili. Juu ya mmoja kuna taa ya matawi saba, juu ya mwingine viganja viwili vimefunuliwa, na kwenye kila mwimo, upande wa kulia, kijisanduku chembamba cha sala kilichopigiliwa mshazari. Hakuna nyumba, hakuna mtu. Chini ya kila mlango ameacha nafasi.

"Hapo ni jina ya watu ya hii nyumba," akasema. Akanipa karatasi yenye maandishi ambayo sijawahi kuyaona, herufi za pembepembe, na akanionyesha kwamba yanaanzia kulia kwenda kushoto. "Hapana jua kusoma, haidhuru. Wewe tazama, wewe andika."

Nikaandika. Ilikuwa kazi nzuri kwangu, nasema ukweli. Siku mbili kila wiki nilikaa pale nikishusha majina nisiyoweza kuyatamka, ya watu nisiowajua, kwa lugha isiyo yangu, na hakuna aliyeniuliza kitu. Alikuwa ameniambia ni barabara ya utotoni mwake huko Ulaya, barabara ya Wayahudi, na kwamba watu hao walishakufa. Sikuuliza walikufaje. Watu hufa.

Jambo moja tu lilinishangaza. Miwa ikichomwa kabla ya kukatwa, majivu meusi hupaa na kutua juu ya kila kitu, na wanawake wa kwetu hutukana wakikimbilia nguo zao kwenye kamba. Kukhu alikuwa anatoka nje na karai. Anasimama uani, majivu yanamwangukia kichwani, mabegani, naye anakinga. Kisha anayaponda na gundi, hiyo ndiyo nyeusi yake. Nilimwambia, Kukhu, nitakuletea nyeusi ya mkebe, acha kujichafua. "Hapana," akasema, "hii ndiyo nyeusi." Nikadhani ni ubahili wa wazee.

Nyumbani nilisema tu kwa kupitisha maneno kwamba mama yule ni Myahudi, amechora na nyota zenu zile kwenye mlango mmoja. Ala! Mke wangu aliweka mwiko chini.

"Myahudi? Wa Biblia?"

"Wako wa aina ngapi?"

"Yaani mtoto wa Daudi kabisa amekaa Butali miaka yote hii na wewe unakula hapa kimya?"

Tangu hapo hakunipa nafasi. Je, Kukhu amewahi kufika Yerusalemu? Je, anafunga? Mbona mlango wake mwenyewe hauna nyota? Kwa kanisa lao mtu wa nyumba akiwa wa Mungu huchorwa nyota mlangoni, ya manjano, inayoonekana kutoka njiani, ili mabaya yakifika yasome na kupita. Mlango wetu ulikuwa nayo. Niliichora mwenyewe, miaka mingi nyuma. "Mwenye nyota yake hana nyota," mke wangu akasema, "ni aibu kwetu sisi majirani. Mchoree. Usimdai."

Sikuona ubaya. Kusema kweli nilifurahi kupata kitu ambacho mke wangu anakitaka na ninaweza kukifanya. Nilikuwa na manjano iliyobaki ya trekta, rangi kali sana. Nikangoja siku Kukhu alipokwenda Kakamega mjini kutazamwa macho, nikapiga nyota katikati ya mlango wake, kubwa, pembe sita zimelingana, hata rula sikutumia. Nikakaa kwenye ndoo kumngojea anishukuru.

Alikuja kwa miguu kutoka stendi na kikapu mkononi. Aliuona mlango kutoka mbali. Nilijua ameuona kwa sababu alisimama katikati ya njia na trekta likampigia honi, hakutoka. Dereva akamzunguka akimtukana. Kisha akaja polepole hadi mlangoni, akaweka kikapu chini, akagusa rangi kwa kidole. Ilikuwa mbichi bado.

"Nani?" akauliza.

"Ni mimi, Kukhu. Ni zawadi."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa chini kwenye kizingiti na gauni lake la kwendea mjini, akatazama kidole chake, na uso wake niliutambua. Hauna kitu. Ni uso niliokuwa nauona kwenye kioo nikinyoa ndevu.

"Kwenu hii ni nini?" akasema baadaye.

Nikamweleza. Kwamba ni alama ya watu wa Mungu, kwamba mauti yakiiona yanapita.

"Kwetu waliiweka wapate kujua pa kuingia," akasema.

Akanieleza hapo hapo, mimi nimesimama na mkebe mkononi, kwa Kiswahili kile cha ng'ombe. Kwamba vita vikuu vya pili vilipoanza Ulaya, yeye alikuwa tayari Lugari anaosha watoto wa wenyewe. Kwamba alipata barua moja ya mama yake, maneno machache tu, iliyozunguka nchi nyingine na kukaa miezi njiani. Mama alisema Wayahudi wote wamelazimishwa kushona nyota ya manjano kwenye makoti, na kwamba yeye ameishona kwa uzi mzuri ili asionekane mchafu mbele ya watu. Barua nyingine haikuja. Baada ya vita ndipo alipojua kwamba na milango ilitiwa alama, na barabara nzima ilichukuliwa na askari, wazee, watoto, mwenye duka la vifungo, wote. Waliuawa, wakachomwa.

"Mimi hapana jua siku," akasema. "Hapana jua mahali. Hakuna pa kusimama."

Nikakumbuka yale majivu na karai lake, nikaona haya kwa ule ujinga wangu wa ubahili wa wazee. Lakini nisijipake mafuta: kwamba nilisikitika sana, hapana. Nilisikia maneno yote, nikayaelewa, yakakaa ndani yangu bila kuuma. Nilimuuliza kama nikwangue. Akasema paka mlango wote rangi nyingine. Nikaupaka kijani siku ile ile, mara mbili, hadi manjano ikaacha kuonekana.

Nilipomweleza mke wangu, alikaa na mikono kichwani. Asubuhi akachinja ingokho, kuku wetu, akaitia kwenye sufuria, akanivuta twende tukaombe msamaha. Kukhu alifungua mlango wa kijani akatutazama, akatazama sufuria. Mke wangu akapiga magoti.

"Kukhu, ni mimi niliyemtuma. Huyu hana akili zake mwenyewe, usimlaumu."

"Amka, mama. Sakafu ni chafu."

Tulikula pamoja. Mke wangu ni mtu wa kuuliza, hawezi kumeza asichokijua. Akauliza, na mazishi ya mama yako, Kukhu, yalikuwaje? Kukhu akasema hakuna mazishi. Basi nywele ulinyoa lini? Hakunyoa. Waliketi matanga wapi? Hakuna aliyeketi.

"Hapana," mke wangu akasema, akaweka paja la kuku chini. "Hapana. Miaka yote hiyo? Wewe umekaa kwenye matanga miaka yote hiyo peke yako?"

Kwetu mtu akipotea, ziwa likimmeza au akifia mbali mwili usionekane, haachwi hivyo. Unakatwa mgomba, unavikwa shuka, unaombewa, unazikwa mahali pake. Hapo wafiwa wananyoa, wanakula, wanapumua. Mke wangu alimweleza hayo yote, na mimi nikamkanyaga mguu chini ya meza anyamaze, maana tulikuwa tumetoka kuharibu mlango jana tu. Hakunyamaza.

Kukhu alikasirika. Akasema yeye si mtu wa mambo hayo, watu wake hawazikagi ndizi. Tukainuka kwenda. Tulipofika uani akatuita.

"Mgomba ngapi?" akauliza.

"Mmoja kwa kila mtu," mke wangu akasema. "Wako wangapi?"

Alianza kuhesabu kwa vidole. Akamaliza mkono mmoja, akamaliza wa pili, akarudi wa kwanza, kisha akaishusha mikono. "Migomba ya Butali yote haitoshi," akasema. "Fanya mama tu."

Plot ile haikuwa yake, huwezi kuzika kwenye ardhi ya mwenye nyumba. Tukasema tutazika kwetu, kabla makumbusho ya mtoto hayajafika. Wanawake wa kanisa wakaja na kanzu zao na ngoma, baada ya kuonywa wasivae zenye nyota, na wengine walikesha wakizifumua. Vijana walichimba karibu na migomba. Kukhu alivaa gauni lile la mjini. Aliukata mgomba mwenyewe, panga likitetemeka, hakutaka kusaidiwa, akauvika shuka lake la kitanda akaufunga kwa utepe. Aliomba kwa lugha yake, maneno mafupi yanayojirudia, na wanawake waliitikia amina mahali ambapo pengine hapakuwa pa amina. Hakuna aliyecheka. Udongo ukarudishwa.

Nilikuwa nimemuuliza mapema kama nitengeneze msalaba, akanitazama tu. Basi nikaleta ubao mtupu wa saiprasi, mmoja, uliopigwa randa vizuri, na brashi na rangi nyeusi. Kukhu alitaka jina la mama yake liandikwe kwa herufi zetu hizi, siyo zile za pembepembe, ili mtu yeyote wa Butali akipita aweze kulisoma. Akanipa kwenye karatasi. Nikaibana kwa jiwe pembeni ya ubao, nikapiga magoti.

Nilichovya, nikashusha ya kwanza, ya pili. Wanawake walikuwa wanaimba, ngoma chinichini. Sikuwa nawaza kitu. Nimeulizwa na mke wangu mara nyingi, na mimi nimejiuliza, na jibu ni hilo hilo: sikuwa nawaza kitu chochote. Niliposikia ngoma imenyamaza nilidhani wimbo umeisha. Nikainua macho nikamwona mke wangu amesimama juu yangu, kiganja mdomoni, anatazama ubao. Nikatazama na mimi.

Nilikuwa nimeandika jina la binti yetu. Lake na la ukoo. Herufi zote zimenyooka, hakuna hata moja iliyokosewa.

Kukhu aliinama taratibu akasoma, midomo ikisogea.

"Nani huyu?"

"Ni mtoto wetu, Kukhu," mke wangu akasema. "Yule wa trela."

Mimi nikaanza kubwabwaja. Nisamehe Kukhu, sijui imekuwaje, nafuta sasa hivi, petroli ninayo, ni dakika tano. Nilikuwa nimeshalowanisha tambara. Akanishika kifundo cha mkono, na ule mkono wake wa kutetemeka ulikuwa na nguvu ambazo sikuzitegemea.

"Wacha."

"Lakini mama yako hana ubao. Nimeleta huu mmoja tu."

"Mama yangu amezoea kungoja," akasema. "Hii peleka kwa mtoto."

Kaburi la binti yangu lilikuwa hatua thelathini kutoka pale, labda pungufu. Karibu mwaka mzima sikuwa nimezitembea. Mke wangu akashika upande mmoja wa ubao, mimi upande mwingine, rangi bado mbichi, kanisa zima limesimama linatutazama. Miguu yangu haikutaka. Tangu siku ya mazishi alikuwa ananiita Baba watoto na hakuniita jina jingine. Sasa akaniita baba wa yule binti, kwa jina lake, jina lile lililokuwa kwenye ubao. "Twende," akasema. Nikalia.